Komeo Lililolia Mara Mbili

Simu ya hospitali iliingia Koplo akiwa na mkate mdomoni, kwa hiyo aliyeipokea ni Inspekta mwenyewe. Alisikiliza, akasema "ahsante, daktari" mara kadhaa, akaikata. Kisha akajiegemeza kwenye kiti na kushusha pumzi mpaka karatasi zilizokuwa mezani zikasogea.

"Bibi ataishi," alisema. "Homa imeshuka. Amekunywa uji na ameshamgombeza nesi."

"Mungu mkubwa," alisema Koplo, akameza. "Anayegombeza huyo amepona."

Kituoni Inspekta huyu alijulikana kwa jina la Mojamoja, na waliompa jina hilo hawakuwa wanamsifu. Ukianza kumweleza jambo kutoka katikati, alikuinulia kiganja na kusema, "Moja moja, ndugu yangu. Lililotangulia litangulie." Kuna wezi waliokiri makosa yao kwa sababu tu walichoka kurudishwa mwanzo. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na haraka za watu wengine hazikuwa zikimsumbua.

Ila leo haraka ilikuwa yake. Juzi jioni, katika nyumba ya kutunzia wazee iliyo nyuma ya kituo cha maji, bibi mmoja mwenye maradhi ya kusahau alitoka kupitia geti la umeme lililotakiwa kuwa limefungwa. Akapotelea kwenye mvua. Jana asubuhi fundi cherehani mmoja, akija kufungua duka lake mitaa kadhaa kutoka pale, alimkuta kibarazani amelowa chapachapa, anatetemeka, amekumbatia aproni. Alimwingiza ndani, akamfunika mablanketi, akapiga simu. Katika maelezo yake fundi alisema bibi aliomba akae kwenye cherehani wakati wanasubiri gari la wagonjwa, naye akamwachia ili atulie.

Aproni ilikuwa ya mlezi wake, yaani mfanyakazi anayemwogesha na kumlisha. Mlezi huyo alilala mahabusu usiku wa jana.

"Mkuu anataka faili liende kwa mwendesha mashtaka leo mchana," alisema Koplo. "Uzembe uliohatarisha maisha. Akitiwa hatiani, hatashika tena kazi ya kulea mtu. Na jela ipo."

"Tuna nini?"

"Tuna kumbukumbu za mfumo. Geti linafungwa na kufunguliwa kwa tableti, na kila amri inaandikwa pamoja na jina la aliyeitoa. Jioni ile kuna amri mbili za yule mlezi. Ya kwanza, funga. Ya pili, mara tu baada ya hapo, fungua. Mkuu anasema alifunga aonekane amefunga, kisha akafungua. Na aproni yake ikakutwa huko huko alikokutwa bibi. Sasa afande, hapo kuna nini tena?"

"Kuna mtu wa kumuuliza," alisema Mojamoja, akachukua kalamu.

*

Mlezi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na nywele zilizovurugika na macho yaliyovimba. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mikono mikubwa ya mtu anayeinua watu wazima kila siku. Hakungoja kuulizwa.

"Shikamoo afande. Bibi anaendeleaje?"

"Marahaba. Kaa kwanza."

"Niambieni kwanza."

"Ataishi. Anagombeza manesi."

Mlezi aliinamisha kichwa mezani akalia. Alilia kwa furaha waziwazi, mabega yakicheza, na Koplo akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Alipoinua uso, mlezi alisema, "Basi hata mkinifunga, afande, nitalala."

"Usiseme maneno hayo humu ndani, watu wanayaandika. Tuanze moja moja. Juzi jioni ulifunga geti?"

"Nilifunga. Kama tunavyofunga siku zote."

"Ukafungua?"

"Sikumfungulia mtu."

"Tableti ilikuwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Nani mwingine anajua namba yako ya siri?"

"Hakuna. Hata mume wangu haijui."

Koplo alimtupia Inspekta jicho. Watuhumiwa wengi, hata wale wasio na akili nyingi, hujua kusema kwamba namba yao inajulikana na mtaa mzima. Huyu alikuwa anajifunga kamba mwenyewe na kuikaza.

"Bibi alikuwa wapi?"

"Kwenye benchi lake, karibu na geti. Anapenda kukaa pale jioni akitazama watu. Nikishafunga, huwa namshika mkono tunaingia. Sasa nilipobonyeza tu, mzee wa chumba cha pili akaita kutoka bafuni, ameanguka. Nikatazama kwenye tableti, imeandika IMEFUNGWA, kijani. Nikamwambia Bibi, nisubiri narudi. Nikakimbia. Niliporudi benchi tupu na geti limeachia."

"Komeo ulilisikia?"

"Nililisikia. Likilia, linalia ta, hata ukiwa jikoni unalisikia."

"Lililia mara ngapi?"

Mlezi alifikiri. "Sikuhesabu, afande. Mzee alikuwa anaita."

Mojamoja aliandika hilo, akalipigia mstari. "Na aproni?"

"Niliifua nikaianika kambani, pale karibu na benchi. Hata sikuwa nimeivaa siku ile, mfuko wake ulichanika. Kutwa nzima natumbukiza funguo, zinaanguka chini."

*

Ndani ya gari Koplo alikuwa ameshamaliza upelelezi.

"Mwanawe," alisema, akikata kona. "Mtoto wa kwanza, yule mwenye duka la vigae. Mama ana nyumba, na nyumba ina jina la mama. Juzi mchana alikwenda kumtembelea, jambo asilolifanya hata mara moja kwa mwezi. Jioni yake geti linafunguka. Kisha ndiye anayepiga kelele kituoni kuliko wote kwamba mlezi ashtakiwe. Kikulacho ki nguoni mwako, afande. Alimpa mlezi kitu kidogo, kisha anamtosa."

"Uliyasema hayo kwa Mkuu?"

"Bado."

"Vizuri. Usiyaseme."

Walimkuta mtoto wa kwanza kwenye korido ya wodi, mtu mzima mwenye kitambi, ameshika shavu la kushoto ambalo lilikuwa limejaa. Aliongea kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mmeshampeleka mahakamani?"

"Tunaelekea huko taratibu," alisema Mojamoja. "Ulimtembelea mama juzi. Uliondoka lini?"

"Mchana ule ule."

"Na jioni ulikuwa wapi?"

Mtoto wa kwanza aliondoa mkono shavuni. Alifungua mdomo mpana, akamwinamia Inspekta, akamwonyesha shimo jekundu mahali palipokuwa na gego. Koplo alirudi nyuma hatua moja.

"Kwa daktari wa meno," alisema alipoufunga. "Limeng'olewa kwa vipande. Kuanzia mchana mpaka giza nilikuwa pale kitini, muulizeni, aliniwekea goti kifuani. Simu zote zilizopigwa kwamba mama hayupo, nilishindwa kupokea." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mnadhani sijui kwa nini mnauliza. Kila mtu ananitazama hivyo. Siendi kwa sababu nikienda ananiita kwa jina la marehemu baba. Ananiuliza nimetoka kazini saa ngapi. Nifanye nini mimi?"

Mojamoja alimwekea mkono begani, akaingia wodini. Koplo alifuata nyuma, na nadharia yake ya nyumba akaiacha pale koridoni.

Bibi alikuwa amekaa kitandani ameegemezwa mito miwili, mwembamba, mwenye macho makali. Vidole vyake vilikuwa vikikunja na kukunjua upindo wa shuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Kitambaa mmekuja nacho?"

"Leo hatukuja na kitambaa, Bibi. Tumekuja kukuuliza habari za geti."

"Geti," alisema Bibi, kama mtu aliyetajiwa jirani asiyempenda. "Lile lina tabia mbaya. Yule mwanangu wa mikono mikubwa alibonyeza. Likasema ta. Akaniambia nisubiri, akaenda kwa mgonjwa. Mgongo wake umeshaingia ndani, likasema ta tena."

"Tena?"

"Tena. Peke yake. Hakuna aliyeligusa. Nikaona mlango umelegea. Na mimi nilikuwa na kazi ya mtu, ningekaaje?"

"Kazi gani, Bibi?"

Bibi alimtazama Inspekta kwa muda mrefu, macho yakaanza kutangatanga. "Wewe ni dada yake nani?" aliuliza.

Koplo alikuwa amefunga daftari zamani. Walipotoka alisema kwa upole kwamba maelezo ya mtu asiyejua leo ni siku gani hayasimami mbele ya hakimu, geti halijifungui peke yake, na bibi anachanganya.

"Anachanganya watu," alisema Mojamoja. "Wewe umemsikia akichanganya mpangilio? Alibonyeza, likalia, akaniambia, akaenda, likalia. Mimi nina mashahidi wenye digrii wasioweza kunipangia mambo matano hivyo. Na kumbukumbu za mfumo zinasema nini? Funga, halafu fungua. Zinakubaliana naye."

"Basi zinamfunga mlezi zaidi."

"Labda. Ila niambie kitu kimoja. Wageni waliondoka mchana, geti likafungwa. Jioni lilikuwa limefungwa tayari. Mtu anayetaka kulifungua kwa siri, kwa nini aanze kwa kulifunga tena?"

Koplo aliwasha gari, akaelekea nyumba ya wazee.

*

Nyumba ya wazee ilikuwa jengo la ghorofa moja lenye kuta za rangi ya maziwa na harufu ya sabuni. Tangu jana geti lilikuwa limepigwa kufuli kubwa la kawaida, na Msimamizi wa nyumba, mwanamke mrefu asiyetulia, alikuja na ufunguo wake huku akiomba radhi kwa kila kitu, pamoja na hali ya hewa. Pembeni yake alisimama kijana wa miwani myeusi mwenye kompyuta kwapani. Huyu ndiye fundi aliyetengeneza mfumo, na wote pale walimwita Waya.

"Nitasema mapema," alisema Waya. "Mfumo hausemi uongo. Kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Mkitaka kulaumu, laumuni binadamu."

"Hatujafika kwenye lawama," alisema Mojamoja. "Nipe kumbukumbu za geti za jioni zilizopita, zote mlizonazo."

Waya alifungua kompyuta juu ya benchi la Bibi. Mojamoja alirekebisha miwani na kusoma kwa kidole, Koplo akichungulia begani. Jioni baada ya jioni, mlezi baada ya mlezi, kulikuwa na amri mbili zilizofuatana: fungua, funga. Fungua, funga. Ni juzi tu zilipogeuka.

"Hizi fungua za jioni ni za nini?" aliuliza Mojamoja. "Kuna mgeni anayeingia saa hizo kila siku?"

Waya alikunja uso. "Hapana. Sijawahi kuziangalia. Kwangu ilimradi ya mwisho ni funga, basi."

Inspekta alimgeukia Msimamizi. "Mama, toa kufuli. Halafu nifungie hili geti kama mnavyofunga jioni. Usinionyeshe, fanya tu."

Msimamizi aliondoa kufuli, akachukua tableti, na huku akieleza kwamba yule mlezi hajawahi kupata onyo hata siku moja, kwamba hata wazee wenyewe tangu jana hawataki kula, kidole chake kikapita kwenye skrini. Tap, tap. Akaipachika tableti kwapani na kuanza kuelekea ofisini.

"Ngoja, mama. Umefanya nini?"

"Nimefunga."

"Kidole kimegusa mara mbili."

"Aa, ile ni kuliamsha." Msimamizi alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. "Komeo likikaa kutwa nzima linalala nusu njia. Ukibonyeza funga peke yake linaweza lisiingie vizuri. Kwa hiyo tunabonyeza fungua, linashtuka, tunabonyeza funga, linaingia. Kila mtu humu anafanya hivyo. Ndiyo kufunga kwenyewe."

"Ulimweleza Mkuu wetu jambo hili jana?"

"Aliniuliza kama mlezi alifunga. Nikasema sijui. Hakuniuliza tunafungaje."

Komeo lilikuwa limeshalia, ta, wakati Msimamizi akiongea. Sasa, wote wakiwa wamesimama na hakuna mkono karibu na tableti, lililia tena.

Ta.

Mojamoja alikwenda mpaka kwenye geti, akaweka kidole kimoja cha shahada kwenye chuma, akasukuma. Geti likafunguka taratibu kwa mlio mdogo wa bawaba, na barabara ikaonekana nje na mtu mmoja akipita na baiskeli.

"Koplo," alisema bila kugeuka, "soma skrini."

Koplo aliichukua tableti kutoka kwapani kwa Msimamizi. "IMEFUNGWA," alisoma. "Kijani."

Waya alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo zaidi, na hakuwa na hamu tena ya kulaumu binadamu.

"Usiguse kompyuta," Mojamoja alimwambia. "Kwanza tunarekodi. Koplo, simu yako. Mara moja skrini, mara moja komeo, mara moja vyote pamoja. Msimamizi abonyeze, kila mara. Tukimaliza, ndugu Waya, utanieleza moja moja, kwa lugha ya mtu anayelipwa kwa kushika wezi."

Walirudia. Mara zote geti lilifanya ukaidi ule ule, na mara zote skrini ilikaa kijani kana kwamba haijui lolote. Msimamizi alianza kutokwa na machozi akiwa bado anabonyeza.

"Kila kitufe kinatuma amri," alieleza Waya hatimaye, amekaa kwenye benchi. "Amri inapita kwenye mtandao, inakwenda kwenye seva, inakuja kwenye geti. Kila moja inaondoka kivyake. Haimsubiri mwenzake. Zamani zote mbili zilikuwa na safari sawa, kwa hiyo iliyotangulia kuondoka ilitangulia kufika."

"Na sasa?"

"Juzi mchana niliongeza kitu. Watoto wa wageni walikuwa wanachezea tableti, Msimamizi akalalamika. Nikaweka ukaguzi wa ruhusa: mtu akibonyeza fungua, amri inapita kwanza makao makuu kuuliza kama huyu yuko zamu. Makao makuu ni mbali, na intaneti ya hapa ni kobe. Funga sikuiwekea ukaguzi. Kufunga si hatari, kila mtu anaruhusiwa."

"Kwa hiyo anabonyeza fungua," alisema Mojamoja, "nayo inakwenda kuomba ruhusa. Anabonyeza funga, nayo inakwenda moja kwa moja, inaipita njiani. Komeo linafunga, ta. Mlezi anasikia, anaondoka. Halafu ile ya kwanza inarudi na ruhusa yake."

"Inafungua," alisema Waya. "Ta."

"Na skrini?"

"Skrini inaandika kitufe cha mwisho ulichobonyeza. Haingoji geti lijibu. Nilifanya hivyo ili ionekane ina kasi. Watu hawapendi kuona kitu kinazunguka."

"Na kumbukumbu zenu zisizosema uongo?"

"Zinaandikwa geti linapopokea amri." Waya alijikuna kisogo. "Zinasema nani alifika kwanza. Nani aliondoka kwanza, hazijui."

"Uliyajaribu mabadiliko yako?"

"Niliyajaribu, afande. Nilibonyeza fungua, likafunguka. Nikaenda, nikahakikisha, nikarudi. Nikabonyeza funga, likafungwa. Vyote vilifanya kazi. Nilijaribu kimoja kimoja."

Koplo alikohoa kuficha kicheko. Inspekta alimtazama juu ya miwani, kisha yeye mwenyewe akacheka, kicheko cha tumboni cha mtu aliyetua mzigo.

"Haya," alisema. "Kwa mara ya kwanza moja moja imetuponza. Dawa yake nini?"

"Foleni. Amri ya pili isiondoke mpaka ya kwanza imejibiwa, imekubaliwa au imekataliwa. Ikikwama, itoe taarifa. Na skrini iandike kile geti limesema, si kile kidole kimetaka." Waya alisita. "Si kazi kubwa. Ningejua wanabonyeza mara mbili, ningeiweka tangu mwanzo. Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza," alisema Msimamizi.

"Na nyinyi hamkusema," alisema Waya.

"Na sisi tulimlaza mtu mahabusu," alisema Mojamoja. "Tumetosha wote. Ndugu Waya, utaandika maelezo haya na kuyasaini mbele ya Koplo. Foleni yako utaiweka tukishachukua nakala. Mpaka hapo, mama, rudisha kufuli."

*

Mkuu wa kituo alitazama video mara mbili, na mara ya pili alijaribu kumkamata mtu akibonyeza pembeni. Hakumwona. Alibaki na jambo moja.

"Aproni," alisema. "Komeo nimelielewa. Aproni ilifikaje huko?"

"Iko wapi?"

Ililetwa kwenye mfuko wa vielelezo, nyeupe, imekauka na kukunjamana. Mojamoja aliitandaza mezani. Alikumbuka maneno ya mlezi kuhusu mfuko uliochanika na funguo zinazoanguka, akatumbukiza mkono. Mkono haukutokea upande wa pili. Aliugeuza mfuko nje. Pembeni mwake kulikuwa na mshono mpya wa uzi wa buluu, umenyooka, umerudiwa miisho yote miwili ili usifumuke.

"Koplo. Fundi cherehani alisema Bibi aliomba kukaa kwenye cherehani. Alishona nini?"

Koplo alipekua maelezo. "Hatukumuuliza, afande."

"Mpigie."

Koplo alipiga. Aliongea kidogo, akasikiliza zaidi, akaikata simu. "Anasema alikuwa anashona mfuko wa aproni. Alikuja nayo mwenyewe mkononi, na ukiona anavyoshona, ni fundi wa zamani. Wahudumu wa gari la wagonjwa walipofika alikataa kunyanyuka mpaka amalize, akawaambia ni kazi ya mtu na ameahidi."

Mkuu aliitazama aproni. Kisha akavuta faili, akaandika kwamba hakuna kesi ya kujibu, akasaini, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuomba radhi, alisema gari la kituo limpeleke mlezi popote anapotaka kwenda. Mlezi alitaka kwenda hospitali.

Mtoto wa kwanza alikuwa bado koridoni na shavu lake. Kupitia dirishani alimwona mlezi akitoka kwenye gari la polisi bila pingu, akasimama. Mojamoja alimweleza, tangu kuliamsha komeo mpaka uzi wa buluu, na hakumruhusu aruke hatua. Alipomaliza, mtoto wa kwanza alimgeukia mlezi, akatafuta maneno, mdomo wake mbovu ukamkatalia.

"Nisamehe, dada," alisema mwishowe. "Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa, kaka," alisema mlezi. "Yameisha."

Aliivaa pale pale mlangoni aproni aliyorudishiwa kituoni, akafunga kamba nyuma, akaingia. Koplo aliingia nyuma yake na daftari jipya, maana alikuwa ameagizwa aandike maelezo ya Bibi neno kwa neno, kama alivyoyasema asubuhi. Bibi aliinua macho. Hakumtazama mlezi usoni. Alinyoosha mkono, akaushika mfuko wa aproni, akaugeuza nje, akapitisha ukucha juu ya mshono, akauvuta kwa nguvu kuona kama utaachia.

"Nani amekushonea?"

"Ni wewe, Bibi."

Bibi hakuonekana kuamini wala kukataa. Aliurudisha mfuko ndani na kuulaza vizuri kwa kiganja.

"Mshono hauna kosa," alisema. "Umemshukuru?"

"Bado," alisema mlezi. Alipiga magoti kando ya kitanda, akakishika kile kiganja kwa mikono yake mikubwa yote miwili. "Ahsante, Bibi."

"Haya," alisema Bibi. Akatazama mlangoni, ambako mwanawe alikuwa amesimama ameshika shavu, hajui kama aingie au aondoke, na akamwashiria kwa vidole asogee. "Anayefuata."